Aliyemkana Hassan

Jumamosi, 28 Aprili 1990. Yamumbi, Eldoret.

Idi imepita na nyumba hii haikuionja. Mama alipika pilau kwa sababu watoto ni watoto, lakini sahani ya Hassan aliipakua vilevile, ikapoa, akaifunika, akampelekea jirani.

Leo nimelijua jina.

Mwaka jana ilipoanza ile skrining ya Wasomali, kila mmoja wetu alitakiwa kusimama mbele ya jopo, wazee wa kwetu waseme kama wanamjua. Aliyejulikana alipewa kadi ya pinki. Asiyejulikana alipakiwa kwa lori hadi mpakani. Ndugu yangu Hassan, aliyezaliwa hapa hapa Eldoret na kusoma hapa hapa, alipakiwa mwezi wa Januari. Mimi nilikuwa Isiolo, talaka yangu mkononi. Nilirudi kumshika Mama, na Rukia mke wa Hassan, na watoto wao, nikafungua tena kibanda cha nguo cha Hassan mjini. Hakuna aliyeweza kutuambia ilikuwaje.

Mchana wa leo Kageha, mama anayesafisha ukumbi wa skrining, alikuja kununua kitambaa cha kichwa. Akashika kitambaa, akakiachilia, akakishika tena.

"Wewe ni dada ya Hassan?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nilikuwa ndani siku hiyo, napiga deki. Wazee walikaa kwa benchi. Mkubwa akauliza, huyu mnamjua? Wengine wote wakamwangalia yule wa katikati. Huyo akasema, simjui. Ndugu yako akamwita, adeer! Kwani si ndivyo nyinyi huita baba mdogo? Akamwita hivyo mara nyingi. Mzee akaangalia viatu vyake tu."

"Wa katikati ni nani?"

"Si ni baba ya Hussein, yule wa malori."

Mzee Ismail. Alimshika Hassan magotini siku ya kutahiriwa. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Na mwezi wa Februari alihama mji ghafla, akaenda kufungua duka dogo Kaptilol, mbele ya Plateau, karibu na ukingo wa Elgeyo. Watu husema amekwenda kupumzika.

Nitamwendea. Sijui nitamfanya nini, lakini nitamwendea.

Jumapili, 29 Aprili

Hussein alikuja, kama kila wikendi akiwa hayuko safarini na trela. Alileta unga, nyama, na madaftari ya watoto. Alimwita Mama "Mama" na akarekebisha bawaba ya mlango. Yeye na Hassan walikua kama pacha. Hajui lolote. Nilitazama shingo yake alipoinama nikamwona babake.

Alhamisi, 3 Mei

Mvua. Wateja hakuna.

Jumamosi, 5 Mei

Mungu hufungua mlango anapotaka. Mteja wangu mmoja, Mwalimu Nelima, Mbukusu mcheshi anayefundisha shule ya msingi ya Kaptilol, amekuwa akiniomba tangu Machi nikamtembelee. "Watu wa mji mnajua nini? Mnakaa hapa mnanusa moshi. Kuja nikuonyeshe dunia." Leo nikaenda. Nilimwomba huko aniite Khadija, asitaje Asha. Alinikazia macho, akacheka: "Unamkwepa yule bwana wa Isiolo? Sawa, Khadija." Nikamwacha aamini hivyo.

Kaptilol si mji. Ni shule, kanisa la mabati, ghala la mahindi, na nyumba kubwa ya mawe ambayo Kaburu aliiacha, sasa imegawanywa vyumba na kuku wanaingia kwa mlango wa mbele. Mashamba yamelimwa mpaka kwenye mizizi ya misaipresi. Ardhi ni nyekundu na inanata, ukiinua mguu inakuomba kiatu. Nelima alinipeleka kuona mashimo ya Wasirikwa: mabakuli makubwa kwenye nyasi, mengine yamezungushiwa mawe, ambamo watu wa kale walikuwa wakificha ng'ombe maadui wakija. Ng'ombe walijaa ndani, watu wakalala juu ya mlango.

"Na walienda wapi hao watu?" nilimuuliza.

"Hakuna anayejua. Muulize Mzee Ismail, yeye ndiye anapenda hizi historia. Duka lake ndilo lile."

Alikuwa amekaa nje kwa kigoda, kanzu, sweta ya kijani, kofia. Amezeeka. Nilikuwa nimejiandaa kumwona shetani, nikakuta mzee anayechambua maharagwe. Niliondoka Eldoret nikiwa msichana mwembamba. Sasa ni mwanamke mzima aliyejifunika shashi hadi kiunoni. Hakunitambua.

"Mzee, huyu ni Khadija, mgeni wangu."

"Karibu, mwanangu. Chai iko."

Nikanywa chai yake. Ilikuwa na tangawizi na maziwa mengi, tamu. Niliinywa yote nikihesabu ni kwa njia ngapi mtu anaweza kuharibiwa.

Jumamosi, 12 Mei

Tena Kaptilol. Nelima amefurahi kupata mwenzake wa kutembea. Mzee alitufuata hadi maporomoko ya Kaptilol, fimbo mkononi, akituonyesha miti. Mto umejaa, maji ni rangi ya chai. Alinipa mkono nivuke jiwe linaloteleza. Nikaushika. Una joto.

Jumatano, 16 Mei

Mtoto mdogo wa Hassan ameuliza kama babake amekufa. Rukia alimpiga kofi, kisha wote wawili wakalia. Niliandika jina la Mzee Ismail kwenye mkono wangu kwa wino nikaliosha kabla ya kulala.

Jumamosi, 26 Mei

Mvua ilitufungia dukani kwa Mzee mchana kutwa. Alizungumza juu ya Hussein tu: Hussein anavyoendesha usiku bila kusinzia, anavyowasaidia "watu fulani yatima wa mjini". Uso wake unang'aa akilitaja jina hilo.

Sasa najua pa kumshika.

Jumapili, 3 Juni

Habari! Dereva aliyetoka Mandera amemwona Hassan. Yu hai, ng'ambo ya mpaka, Bula Hawa. Anapakua magunia. Amekonda, ana kikohozi, na vita vya huko vinasogea. Mama alisujudu pale pale kwenye matope ya uani.

Nilikwenda kwa karani mmoja wa ofisi ya skrining tunayejuana naye, nikamuuliza kuna njia gani. Akasema njia ni moja: aliyemkana amkubali. Mzee aliyekaa kwenye jopo aende mwenyewe aseme alikosea. "Lakini nani atafanya hivyo, dada? Nyakati hizi? Ni kujipeleka mdomoni mwa simba."

Jumamosi, 9 Juni

Mzee alitupeleka kwenye makaburi ya Makaburu, nyuma ya ile nyumba ya mawe. Misalaba imeanguka, nyasi zimefika kiunoni. Jiwe moja ni la mtoto. Nelima alikwenda kuwafukuza mbuzi, tukabaki wawili. Mzee alifuta jiwe kwa kiganja, na bila mimi kuuliza akaanza kusema, macho yake yakiwa kwenye lile jiwe.

"Hussein alizaliwa ng'ambo ya Moyale, mamake alikuwa amekwenda kuzika. Hana cheti cha hapa. Yule mkubwa wa skrining alilijua hilo. Asubuhi kabla watu hawajaingia aliniambia: Mzee, mkiwajua wote, huko juu watasema tumelala. Nipe mmoja wa kuonyesha, au nianze na wako. Aliyeingia kwanza alikuwa mtoto wa rafiki yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema simjui."

"Na angeingia mwingine?"

"Ningesema hivyo hivyo."

Nelima akarudi akihema na fimbo yake. Tukazungumza juu ya mbuzi.

Nimekaa kitandani nikijaribu kumwonea huruma, kwa sababu Mungu anatazama. Sikuweza. Mtu anaweza kuwa na sababu na bado awe na deni la damu. Yeye alilala akijua mwanawe yuko salama. Mama alilala akiwa amekumbatia koti la Hassan.

Jumamosi, 16 Juni

Barabara ya Kaptilol imekatika. Sikwenda.

Jumamosi, 23 Juni

Naandika polepole nisikose neno.

Nelima alikuwa na homa, akasema niende na Mzee kuuona ukingo, asiharibu siku yangu. Tulitembea kupitia msitu, majani yakidondosha maji ya mvua ya asubuhi. Mzee alitangulia, mimi nyuma yake, nikiutazama mgongo wa ile sweta. Halafu miti ikaisha, na ardhi ikaisha.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Unasimama kwenye nyasi za kawaida, ng'ombe analisha kando yako, na hatua moja mbele hakuna nchi tena. Chini kabisa ni bonde la Kerio, kahawia na kavu, kana kwamba mvua yetu haijawahi kulisikia. Kisha ukungu ukapanda kutoka chini ukalifunika lote, ukatufunika na sisi. Hapakuwa na mtu mwingine. Mzee alisimama ukingoni kabisa, fimbo imechomekwa kwenye nyasi, kanzu inapepea.

Nilisogea. Nasema kweli, nilisogea. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kutoka ndani ya shashi.

Akasema bila kugeuka, "Nyasi zinateleza, Asha. Utaanguka na wewe."

Nikairudisha mikono ndani.

"Umejua lini?"

"Ile siku ya kwanza. Unanywa chai kama babako, unashika kikombe kwa mikono miwili. Nikasema, haya, wamemtuma nyumbani kwao. Kila Jumamosi nilingoja ufanye ulichokuja kufanya. Ulikuwa unanywa chai na kwenda."

"Na kule makaburini?"

"Nilitaka uyasikie kwangu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Wiki zote hizi nilidhani mimi ndiye ninayemwinda, kumbe alikuwa ameniachia mlango wazi, akijiona mwema kwa kuuacha wazi. Hata kisasi changu alitaka kukigawa yeye. Angalikufa pale angalikufa amestarehe.

"Rudi nyuma," nikamwambia. "Sikusukumi. Kufa ni rahisi kwako. Utakuja Eldoret, uingie ile ofisi, useme ulidanganya."

Akageuka. Ndevu zake zilikuwa na matone. "Watanifunga. Watamgeukia Hussein."

"Hussein ana kadi tayari. Wewe sema yako tu. Usipoenda, nitamwambia Hussein kadi yake ilinunuliwa kwa bei gani."

Sijapata kuona mzee akiogopa namna ile. Ukingo haukumtisha. Hilo lilimtisha. Alinishika mkono.

"Nikienda, Hussein hatajua?"

"Hatajua kutoka kwangu."

"Apa."

"Wallahi," nikasema.

Tukarudi kupitia msitu. Dukani alinipa chai. Nikaimwaga mbele yake.

Jumamosi, 7 Julai

Redio haisemi sana, lakini mji mzima unanong'ona kuwa Nairobi kuna moto, watu wamepigwa uwanjani kwa kudai vyama vingi. Vijana wa chama wanazunguka madukani wakiangalia picha ya Rais kama imetundikwa sawa. Mzee ameleta ujumbe kupitia Nelima: ati tungoje mambo yatulie.

Hapana.

Jumamosi, 14 Julai

Nilitembea kutoka Plateau kwa miguu, matope hadi kwenye magoti. Nilimkuta amefunga duka kwa ndani. Niligonga.

"Mzee Ismail, mimi nasimama hapa. Hussein anarudi kutoka Malaba kesho. Chagua utanikuta wapi, ofisini au kwake."

Mlango ulifunguka. Alikuwa amevaa koti, na begi dogo limefungwa tayari. "Nilikuwa naswali tu," alisema. Sikujua nimwamini au nisimwamini.

Jumatatu, 16 Julai

Mzee aliingia ofisini asubuhi. Mimi nilikaa nje kwenye ukuta na wanawake wengine wanaongoja waume zao. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia sauti ya yule mkubwa:

"Kwa hivyo ulidanganya Serikali. Siku gani sasa, ile au leo?"

"Ile, mheshimiwa. Hassan ni mtoto wa hapa. Mimi ndiye nilimpa jina."

"Nani alikufundisha kusema hivi wakati huu?"

Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Kisha nikasikia kofi, na kiti kikaanguka.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma wakampeleka seli. Nilikwenda nyumbani nikala ugali wote uliokuwa kwenye sufuria. Sikuwa nimehisi ladha ya chakula tangu Januari.

Ijumaa, 20 Julai

Amefunguliwa. Wamemnyang'anya kadi yake, ataripoti kwa chifu kila wiki hadi watakapoamua. Lakini faili la Hassan limefunguliwa tena, karani amethibitisha.

Jumapili, 22 Julai

Hili sikulitegemea. Mji mzima unamsifu! Msikitini wamemwombea dua: mzee aliyelala seli kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, akijua hatari yote. Hakuna anayejua alienda kufuta nini. Hussein alikuja hapa na machozi.

"Asha, umesikia baba yangu alichofanya? Mzee kama yule! Mimi nilidhani ameogopa ndiyo akaenda kukaa huko msituni."

Mama akasema, "Mungu amlipe." Rukia akasema amina. Nikasema amina.

Jumanne, 7 Agosti

Mahindi ya majirani yametoa ndevu. Mvua kila alasiri. Nasikia Mzee amealikwa hapa, amealikwa pale.

Jumamosi, 11 Agosti

Nelima ananiuliza mbona siji tena. Anasema Mzee huuliza kila Jumamosi kama Asha yuko mzima. "Kumbe alikuwa anakujua, Asha," alisema, na hakucheka.

Ijumaa, 31 Agosti

HASSAN AMERUDI. Alishuka kwa lori la ng'ombe, nguo si zake, meno mawili hayapo. Mama alimshika uso akawa anamgusa masikio, pua, masikio tena, kama anayemhesabu. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 2 Septemba

Tulichinja. Uani hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Saa ya chakula Hussein akamleta babake, amemshika mkono, na watu wakasimama. Wote. Mama akamtandikia mkeka wake mwenyewe. Hassan akainuka, akiyumba kidogo, akaenda akambusu mzee mkono. Mzee akalia. Watu wakalia.

Hussein akasimama aseme maneno. Alisema ukoo ni huu, na udugu ni huu, na kama wazee wote wangekuwa na moyo wa baba yake hakuna mtoto wa Eldoret ambaye angelala ng'ambo hata siku moja.

Nilikuwa nimebeba sinia ya nyama. Niliiweka chini. Nakumbuka niliiweka vizuri, isimwagike.

"Hussein," nikasema, "muulize babako nani alisema simjui."

"Asha," Mzee akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwita mtoto atoke barabarani. "Asha, uliapa."

"Muulize alimuuza nani ili wewe upate kadi. Muulize."

Nikasema yote. Kageha, benchi, Moyale, makaburi. Hussein alikuwa akimtazama babake, akingoja akatae. Mzee aliangalia viatu vyake. Basi Hussein akamgeukia Hassan.

"Ni kweli?"

Hassan akainamisha kichwa. Hussein akapita katikati ya watu hadi langoni, na tukasikia trela ikiwaka.

Mzee alibaki kwenye mkeka wa Mama. Hakuna aliyemsogelea. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilinijaa hadi mikononi. Ndipo Hassan alipokuja akasimama mbele yangu.

"Wewe unadhani mimi sikusikia?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimesimama mbele yake, Asha, hapa na pale. Nilimsikia kabla yenu wote. Bula Hawa nzima nilikuwa na neno hilo masikioni. Nikaamua nikirudi sitamwambia Hussein. Hilo ndilo jambo pekee nililorudi nalo. Lilikuwa langu."

Akamwinua Mzee, akamshika kwapani, wakatoka pamoja polepole, mmoja anakohoa, mwingine fimbo imemponyoka.

Jumamosi, 8 Septemba

Hussein amehamia Garissa na familia yake. Hakuaga hapa. Watoto wanauliza nani ataleta madaftari.

Jumatano, 12 Septemba

Hassan anakula, anaswali, anakwenda kibandani. Ananijibu nikimuuliza.

Jumamosi, 22 Septemba

Nilikwenda Kaptilol. Jua, nyasi zimekauka, mashimo ya Wasirikwa yamejaa ndama wanaocheza. Duka limefungwa. Nelima alinikuta barabarani na wanafunzi wake akiwapeleka makaburini kufyeka nyasi. Alisema Mzee yupo, ila hafungui. Chakula chake huletwa na Hassan kila wiki, hakukosa hata moja. Sikulijua hilo. Kisha akawaambia watoto wasogee, wakanipita mmoja mmoja wakisema, "Hujambo, mwalimu," wakidhani mimi pia ni mwalimu.

Nilikaa kwenye kigoda chake nje ya mlango. Nilimsikia ndani akikohoa. Nadhani naye alijua ni nani. Sikugonga, naye hakuita.

Nilipata nilichokitaka. Naandika hapa ili nikizeeka nisije nikasema sikukipata.